"HUWA" AU "SASA"? Mzazi Aweza Kumsaidia Mtoto Kiingereza kwa Kiswahili Chake

Ndugu msomaji, tuwachukue watu wawili, wote wenyeji wa Same. Wa kwanza ni mzee aliyehamia Dar es Salaam akiwa kijana. Huko alipata kazi, huko alijenga na kulea watoto, na milima ya Upare huiona mara moja kwa mwaka aendapo kuwazuru ndugu zake. Wa pili ni binti ambaye dakika hii anateremka kutoka katika basi, vumbi la safari lingali viatuni mwake, na mkononi ana kikapu cha tangawizi alichopewa na bibi yake wa Mamba. Ukimwuliza mzee, "Unatoka wapi?" atakujibu, "Ninatoka Same." Ukimwuliza binti swali lilo hilo, atakujibu jibu lilo hilo. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna Mswahili atakayeshangaa.

Mpe sasa Mwingereza maneno hayo. Mzee hana budi kusema, "I come from Same," yaani huko ndiko asili yangu. Binti hana budi kusema, "I am coming from Same," yaani huko ndiko safari yangu ya leo ilikoanzia. Mzee akikosea na kutumia maneno ya binti, msikilizaji wake atatazama nyuma yake kutafuta mizigo.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo iwasumbuayo watoto wetu tangu siku wafunguapo kitabu cha kwanza cha Kiingereza mpaka siku wakalipo mtihani wa kidato cha nne, na wengine huendelea kusumbuka nayo hata makazini. Makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya mwalimu, maana mwalimu anazo kanuni zake. Yameandikwa kwa ajili yako wewe mzazi, uliye Hedaru, Makanya, Suji, Gonja au Same mjini, ambaye mtoto wako hurudi jioni na daftari lenye alama nyekundu, nawe ukalishika, ukalitazama, kisha ukalirudisha mezani kwa unyonge ukisema, "Haya mambo ya Kiingereza mimi siyajui." Yafaa ujue kwamba katika jambo hili unayo silaha, na silaha hiyo ni Kiswahili chako.

MZIGO WA MTOTO WA KIDATO CHA KWANZA

Watoto wengi wa milimani hujifunza kwanza Chasu cha mama na bibi. Kisha hukutana na Kiswahili, ambacho tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Hapo Kiingereza ni somo moja miongoni mwa masomo mengine. Lakini mtoto avukapo kizingiti cha sekondari, Kiingereza hugeuka kuwa mlango wa masomo karibu yote: jiografia, biolojia, hisabati na historia.

Jambo hili limejadiliwa kwa miaka mingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia hata juu ya shule ya msingi, lakini Kiingereza kikabaki mahali pake sekondari. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliandika katika taarifa yao kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kubeba masomo hayo. Mjadala huo tuwaachie wenye kuujadili. Mtoto wako ana mtihani, naye hawezi kungoja mpaka wakubwa wapatane.

SOMO LILILOMO NDANI YA NDIVA

Mwenyeji wa Upare ahitaji kueleza vizuri nyakati mbili za Kiingereza hana haja ya kwenda mbali. Na aende kwenye ndiva.

Kwa msomaji asiye wa huku, ndiva ni bwawa dogo lililojengwa na wazee wetu kwa udongo na mawe ili kuyakusanya maji ya kijito. Usiku mlango hufungwa na maji hukusanyika. Asubuhi mlango hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji hadi mashambani, kila mkulima kwa zamu yake.

Angalia, ndugu msomaji, jinsi tulivyoeleza: hufungwa, hukusanyika, hufunguliwa, hushuka. Hatukusema habari za usiku wa jana wala za asubuhi ya leo. Tumeeleza desturi ya ndiva, na maneno hayo ni kweli hata kama saa hii ndiva imekauka. Mwingereza naye hutumia namna moja kwa desturi kama hiyo: "The ndiva fills at night. In the morning the water flows to the farms." Huu ndio wakati uitwao kwa Kiingereza "Simple Present", nasi hapa tutauita wakati wa "huwa".

Sasa mtoto amesimama kwenye mfereji, jembe mkononi. Anaona ulimi wa maji unakuja ukisukuma majani makavu, naye anapiga ukelele: "Baba! Maji yanakuja!" Hasimulii tena desturi. Anasema jambo linalotokea mbele ya macho yake, lililoanza na ambalo halijaisha. Kwa Kiingereza atasema, "The water is coming!" Huo ndio "Present Continuous", nasi tutauita wakati wa "sasa".

Mtoto akisema, "Father! The water comes!" baba Mwingereza asingelikimbilia jembe. Angefikiri kwamba mwanawe anamweleza tabia ya maji.

HU- NA -NA-

Hapana shaka sasa waona kwamba Kiswahili kina tofauti ile ile. Kiambishi hu- ni cha mazoea na ukweli wa daima. Kiambishi -na- ni cha jambo lililopo. Ndiyo maana methali zetu nyingi zimejengwa kwa hu-. Twasema "Haba na haba hujaza kibaba," na "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Methali haina jana wala leo. Nao Waingereza methali zao huzitia katika wakati wa "huwa", husema "Practice makes perfect," wala hawasemi "Practice is making perfect."

Ikiwa ndivyo, kwa nini mtoto hukosea? Hukosea kwa sababu sisi wakubwa tumekiachia kiambishi -na- kifanye kazi zote. Zamani msemaji fasaha alikuwa na njia tatu: "hulima" kwa desturi, "alima" kwa hali iliyopo kwa ujumla, na "analima" kwa tendo linaloendelea. Siku hizi "alima" imebaki zaidi katika mashairi na katika maandishi ya heshima, na "hulima" nayo yasikika kwa nadra katika mazungumzo ya kila siku. Twasema tu, "Baba analima tangawizi." Lakini baba huyo yupo wapi? Pengine amelala kitandani, maana ni usiku wa manane. Tulichotaka kusema ni kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Mtoto aliyezoea -na- moja kwa mambo yote, akifika kwenye Kiingereza, hutafuta umbo moja la kuibeba. Hufundishwa kwamba "analima" ni "is growing", naye hulibandika kila mahali: "My father is growing ginger," "The Pangani is flowing into the Indian Ocean," "The heart is pumping blood." Sentensi hizo zina maneno sahihi, lakini zinasikika kana kwamba moyo umeanza kusukuma damu leo na kesho utapumzika. Vitabu vya biolojia na jiografia vimejaa wakati wa "huwa" kwa sababu sayansi hueleza mambo yalivyo daima: "The heart pumps blood." Mtoto asiyeutambua wakati huo hapotezi alama katika somo la Kiingereza peke yake.

Dawa yake ni rahisi, nawe mzazi unayo. Mtoto akikuletea sentensi, mwulize kwa Kiswahili: "Huwa, au sasa?" Akijibu "huwa", na atumie "grows", "flows", "pumps". Akijibu "sasa", na atumie "is growing", "is flowing", "is pumping". Swali hilo halihitaji ujue neno hata moja la Kiingereza.

HERUFI MOJA YENYE DENI

Wakati wa "huwa" una sharti moja ambalo watoto hulisahau. Kiambishi hu- hakijali mtendaji ni nani: mimi husoma, wewe husoma, yeye husoma, wao husoma. Kiingereza nacho karibu hakijali, isipokuwa mtendaji akiwa mmoja na si mimi wala wewe. Hapo kitenzi hudai herufi "s": "I read," "you read," "they read," lakini "she reads." Vitenzi vingine hudai "es", kama "goes" na "teaches". Kitenzi "carry" hugeuka "carries", na "have" hugeuka "has".

Deni hilo hulipwa mara moja tu. Katika kuuliza na kukanusha, neno "does" ndilo lililipalo, na kitenzi hubaki kitupu: "Does she read?" "She does not read." Mtoto aandikaye "She does not reads" amelipa mara mbili, na mwalimu atamkata alama kwa ukarimu wake.

Wakati wa "sasa" nao una mashina mawili, na mara nyingi mtoto husahau moja. Hauwi kamili bila "am", "is" au "are" mbele, na "ing" nyuma. "She reading" ni mtu mwenye mguu mmoja. Kadhalika tahajia yataka uangalifu: "write" hupoteza "e" na kuwa "writing", "run" huongeza "n" na kuwa "running".

TEMBO WA MKOMAZI

Wapo watu wasemao kwamba mambo haya ni ya darasani tu, na kwamba mtu akieleweka yatosha. La hasha. Tuteremke kidogo kutoka milimani hadi Mkomazi, mahali palipotengwa kwa ajili ya wanyama mwaka 1951, na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Mkomazi inapakana na Tsavo ya Kenya, na tembo, ambao hawajui mpaka wala pasi ya kusafiria, huvuka huku na huko kwa kufuata mvua.

Kijana wa Same amepata kazi ya kuwaongoza wageni. Gari linakata kona, naye anasema, "Elephants cross here." Wageni watafurahi, watapunguza mwendo, na pengine mmoja ataandika katika daftari lake kwamba tembo huvuka mahali hapa. Lakini kama kijana amekwisha kuliona kundi likitoka kichakani, hana budi kusema, "Elephants are crossing!" na dereva atakanyaga breki. Sentensi ya kwanza ni habari, ya pili ni onyo. Kijana akizichanganya, gari lililojaa watu litajikuta katikati ya majike na watoto wao.

Wakati wa "sasa" haumaanishi dakika hii peke yake. Hutumika pia kwa jambo la muda, litakalopita. Mwalimu ambaye kituo chake ni Same husema, "I work in Same." Fundi aliyeletwa kwa mwezi mmoja kutengeneza bomba husema, "I am working in Same this month." Kwa Kiswahili wote wawili husema "Ninafanya kazi Same," na wenye nyumba za kupangisha huwauliza swali la pili ili wajue ni mpangaji wa namna gani.

Mtoto asivunjike moyo akiliona jambo hili ni gumu. Waingereza wenyewe hawakulipata kwa siku moja. Shakespeare, ambaye Mwalimu Julius Nyerere alifasiri tamthilia zake mbili na kuzichapisha mwaka 1963 na mwaka 1969, aliandika zaidi ya miaka 400 iliyopita, na mara nyingi alitumia umbo la "huwa" mahali ambapo Mwingereza wa leo angetumia umbo la "sasa". Kanuni hii ilikomaa baada yake.

MTEGO WA KUKANUSHA

Mpaka hapa mzazi asemaye Kiswahili fasaha hana shida. Lakini upo mlango mmoja ambapo Kiswahili chenyewe hukunja tofauti hii na kuificha, na hapo ndipo hata mwanafunzi hodari hujikwaa. Mlango huo ni wa kukanusha.

Kanusha "hunywa", utapata "hanywi". Kanusha "anakunywa", utapata "hanywi" vile vile. Mazoea na tendo la sasa vimeingia katika neno moja. Kwa Kiingereza vyabaki viwili: "He does not drink" ni mtu asiyegusa kinywaji maishani mwake, "He is not drinking" ni mtu ambaye saa hii glasi yake imetulia, na ya jana hatukuulizwa.

Chukua mfano wa mvua. Tambarare za Same ni kavu, na mawingu huishia milimani. Kijana ametumwa na wazee kuandika barua ya Kiingereza kwa wahisani wa ng'ambo, naye anataka kusema "Mvua hainyeshi." Akiandika "It does not rain here," wasomaji wataelewa kwamba hapa ni jangwa tangu kuumbwa kwa dunia, nao watashangaa kusikia kwamba watu wanaomba mbegu. Akiandika "It is not raining," watafikiri wanaelezwa hali ya hewa ya asubuhi hiyo. Alichotaka kusema ni kwamba mvua ya msimu huu haijanyesha, "It has not rained this season." Hilo ni umbo jingine, lenye somo lake siku nyingine, lakini asingelitafuta kama asingejiuliza kwanza kama anasema "huwa" au "sasa".

Mfano mwingine ni mzito zaidi. Mama amefika hospitali na mtoto mchanga, na daktari wa zamu ni mgeni asiyejua Kiswahili. Mama anasema neno moja: "Hanyonyi." Mkalimani akisema, "The baby does not breastfeed," daktari aweza kuelewa kwamba mtoto huyo hulishwa kwa chupa, akaendelea na maswali mengine kwa utulivu. Akisema, "The baby is not breastfeeding, he has stopped," daktari atainuka, maana mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya na sasa hawezi kunyonya ana dalili ya hatari, wala haifai kumngojesha foleni. Mkalimani aliyejua kazi yake angemgeukia mama kwanza na kumwuliza: "Mama, huwa hanyonyi, au ni sasa ndipo hanyonyi?"

Waona basi, ndugu msomaji, kwamba Kiswahili hakikutuacha bila msaada. Neno "huwa" likitangulizwa mbele ya kitenzi kilichokanushwa huirudisha tofauti iliyopotea: "huwa hanywi," "huwa hapiki," "huwa hanyonyi." Mfundishe mtoto kulitanguliza kimoyomoyo kila aonapo sentensi ya kukanusha. Likikubali, na atumie "does not" au "do not". Likikataa, na atumie "is not" au "are not".

VITENZI VYA MOYONI

Yapo matendo ambayo Mwingereza hayahesabu kuwa matendo, bali hali za moyo na akili: kujua, kuelewa, kutaka, kuhitaji, kupenda, kuamini. Hayo kwa kawaida hayaingii katika umbo la "ing" hata kama ni ya sasa hivi. "Ninajua" ni "I know," na "Ninataka sukari" ni "I want sugar." Muuza duka akisikia "I am wanting sugar" atakupa sukari, lakini mtahini hatakupa alama.

Ndivyo ilivyo pia kwa kumiliki. "Nina watoto watatu" ni "I have three children." Anayesema "I am having three children" huenda akapewa pongezi asizozitarajia, kana kwamba anawangojea wote kwa pamoja. Lakini "have" ikiwa na maana ya kula, yaruhusiwa: "We are having lunch."

Kiswahili nacho kina jozi ipendezayo: "nafikiri" na "ninafikiria". Asemaye "Nafikiri mvua itakuja" anatoa maoni yake, "I think the rain will come." Asemaye "Ninafikiria safari yangu" yumo katika kazi ya kuwaza, "I am thinking about my journey."

BIBI AMELALA

Hapa pana kosa ambalo ni letu sisi Waswahili hasa. Bibi yumo chumbani, amefumba macho, anakoroma. Kwa Kiswahili twasema "Bibi amelala." Mtoto huona -me-, hukumbuka kwamba -me- ni "has", naye huandika "Grandmother has slept." Mwingereza atafikiri kwamba bibi amekwisha kuamka.

Sababu ni kwamba Kiswahili hutazama tendo la kujilaza, ambalo limekwisha, na hali iliyobaki. Kiingereza hutazama usingizi wenyewe, ambao ungali unaendelea. Kwa hiyo husema, "Grandmother is sleeping." Vivyo hivyo "ameketi" ni "is sitting", "amesimama" ni "is standing", na "mama amebeba ndizi" ni "Mother is carrying bananas."

Kitenzi cha kuvaa ndicho kipimo kizuri kuliko vyote. "Dada amevaa viatu" ni "My sister is wearing shoes." Lakini "Dada anavaa viatu," yaani ameinama anafunga kamba, ni "My sister is putting on her shoes."

BASI LA KESHO

Nyakati zote mbili huweza kuvuka mpaka na kusema habari za kesho. Mpango wa mtu husemwa kwa "sasa": "I am travelling tomorrow," kama nasi tusemavyo "Ninasafiri kesho." Ratiba, ambayo haimngoji mtu, husemwa kwa "huwa": "The bus leaves at six." Na hapo mtoto aangalie saa yake, maana "six" ya asubuhi ya Mwingereza ni saa kumi na mbili yetu. Aliyekwenda kituoni saa sita atakuta basi limekwisha kupita Korogwe.

ROBO SAA KILA JIONI

Sasa twende nyumbani. Chakula kingali jikoni, na watoto wapo. Usimwambie mtoto "nenda kasome" kisha ukamwacha peke yake. Mkalishe karibu nawe, umpe sentensi za Kiswahili kutoka katika maisha yenu, naye kabla ya kuzigeuza akujibu kwanza "huwa" au "sasa". Tuanze na hizi:

1. Baba analima tangawizi. Ndiyo kazi yake.
2. Nyamaza, bibi amelala.
3. Mto Pangani unaingia Bahari ya Hindi.
4. Dada hapiki leo, anasoma.
5. Mjomba hanywi kahawa, haipendi.
6. Tazama, maji yanakuja!
7. Sielewi swali hili.
8. Unafanya kazi gani?

Majibu yake ni haya. La kwanza ni "huwa": "My father grows ginger." La pili ni "sasa": "Be quiet, Grandmother is sleeping." La tatu ni "huwa", ijapokuwa tumeandika -na- kwa makusudi: "The Pangani flows into the Indian Ocean." La nne ni "sasa" mara mbili: "My sister is not cooking today, she is studying." La tano ni "huwa": "My uncle does not drink coffee, he does not like it." La sita ni "sasa": "Look, the water is coming!" La saba ni kitenzi cha akili: "I do not understand this question." La nane ni "What do you do?" na mtoto alikariri vizuri, maana ni swali atakaloulizwa siku moja na mwenye kutoa kazi. Wapo vijana walioulizwa hivyo, wakadhani wameulizwa "What are you doing?" wakajibu kwamba wameketi kwenye kiti.

Ukimaliza hizo, tunga zako. Tumia jiko, shamba, mbuzi, soko, mfereji. Usiogope kwamba hujui kusahihisha Kiingereza chake. Huo ni wajibu wa mwalimu. Wajibu wako ni kuhakikisha kwamba mtoto ameelewa anachotaka kusema kabla hajakisema kwa lugha ya watu. Aliyeielewa sentensi yake kwa Kiswahili amekwisha kufika nusu ya njia.

Kwa hiyo nawe rudisha "hu-" mdomoni mwako. Sema "Mwanangu hurudi saa kumi," wala usiseme "anarudi" kama huna maana ya leo. Mtoto asikiaye Kiswahili chenye tofauti zake zote nyumbani hataishangaa tofauti hiyo darasani.

Mwaka 1969 kilichapishwa kitabu cha Profesa Isaria Kimambo juu ya historia ya kisiasa ya Wapare. Sehemu kubwa ya habari zake aliipata kwa wazee wa milima hii, waliomsimulia yale waliyoyapokea kwa baba zao. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza. Wajukuu wa wazee hao, wakitaka kusoma maneno ya babu zao wenyewe kama yalivyoandikwa humo, hawana budi kupita katika lugha hiyo.

Jioni ya leo, basi, mtoto akifungua daftari lake, usilirudishe mezani. Vuta kigoda, keti karibu naye, umwulize: "Huwa, mwanangu, au sasa?"